Vespa ya Ami, Boxer ya Mdogo Wangu

Wiki iliyopita nilipotea kidogo, na wale walioniulizia niliwajibu kuwa niko shamba. Kweli nilikuwa shamba: Kizimkazi, kwetu, nilikoitwa kwenye kikao cha familia. Ajenda ilikuwa moja tu, pikipiki.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu wa mwisho anaendesha bodaboda ya mtu, na huu ni mwaka wa tatu. Alfajiri anachukua samaki dikoni, mchana anapakia wanafunzi na wagonjwa, jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Siku chombo kikiharibika, hesabu haiharibiki, ipo pale pale inamngoja. Familia tumechoka kumwona anazeekea kwenye mali ya mwenzake, tukaamua tuchange apate yake. Mama katoa fedha zake za mwani. Dada yetu aliyeko Muscat katuma za kwake. Mimi nimetoa nilichonacho, na mshahara wa mwandishi wa gazeti mnaujua. Fedha hizo zikipotea hakuna nyingine.

Kikao kilianza kwa fatiha kikaishia kwa kelele. Mdogo wangu anataka Boxer. Binamu yetu, ambaye naye ni dereva wa bodaboda pale Makunduchi, akasema anayenunua Boxer wakati TVS zipo huyo hajui barabara. Ami yangu, mwalimu mstaafu wa skuli, alikuwa kimya muda wote, kaegemea Vespa yake pale uani. Mwisho akasema zote mbili ni makopo. "Hii nimeinunua mwaka 1986," akasema. "Nimeipanda na kanzu nyeupe miaka yote, haijanitia doa hata siku moja. Hayo madude yenu mtayapanda na kanzu?"

Dakika tano baadaye ilikuwa Simba na Yanga. Watu hawasikilizani. Ndipo mama akanigeukia: "Wewe ndiye msomi hapa. Nenda katizame, halafu utuambie." Nikarudi mjini na deni hilo. Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikauliza, nikasoma, nikapekua. Haya ndiyo niliyorudi nayo, na ninayaweka hapa kwa sababu najua si familia yetu tu inayogombana juu ya jina lililobandikwa kwenye tangi la petroli.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Sisi watu wa pwani hatukufundishwa ushindani na makampuni ya pikipiki. Tulikuwa nao zamani. Mababu zetu walipocheza beni, tangu mwisho wa karne ya 19, walijigawa pande mbili mbili: huku Kingi huku Skochi kule Mombasa na Lamu, huku Marini huku Arinoti katika miji ya Tanganyika. Kila upande una sare zake, vyeo vyake na mashabiki walio tayari kufilisika kwa karamu ili tu upande wa pili uaibike. Hapa Unguja taarab nayo ina vilabu na mashabiki wake, tangu Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, hadi Culture mwaka 1958 na vingine vilivyofuata. Ukija kwenye mpira, Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, na hadi leo kuna ndugu ambao hawasalimiani siku ya mechi.

Na sisi wa Kusini ndio kabisa. Jirani zetu wa Makunduchi kila Julai wana Mwaka Kogwa, ambapo wanaume wa pande mbili za mji wanatwangana kwa vigogo vya migomba uwanjani huku wanawake wakiimba. Aliye na kinyongo cha mwaka mzima anakimaliza pale. Kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto, watu wanakwenda kula pamoja. Ninaikumbuka picha hii kila nikiona vijana wa kijiweni wakitupiana maneno juu ya Boxer na TVS. Wanapigana kwa vigogo vya migomba. Kelele ni nyingi, majeruhi hakuna. Tatizo linakuja pale mtu anapochukua fedha za mwani za mama yake akaenda kununua pikipiki kwa akili ya uwanjani.

Sasa tuanze na ami, maana chombo chake ndicho kikongwe.

Vespa ilizaliwa Italia, kwenye kifusi cha vita. Kampuni ya Piaggio, iliyoanzishwa mwaka 1884, ilikuwa ikitengeneza ndege, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha kiwanda chake cha Pontedera kilikuwa kimelipuliwa kwa mabomu. Nchi imeshindwa vita, barabara zimevunjika, watu hawana fedha za magari. Enrico Piaggio akamwita mhandisi wake wa ndege, Corradino D'Ascanio, amtengenezee chombo cha bei ndogo kinachoweza kupandwa na mtu yeyote. D'Ascanio alikuwa hapendi pikipiki! Aliziona chafu, hazikalii vizuri, na kubadilisha tairi lake ni adhabu. Basi akaondoa yote aliyoyachukia. Mashine akaificha ndani ya bodi isimwage oili kwenye nguo. Mnyororo akauondoa. Mbele akaweka kinga ya miguu, katikati akaacha wazi ili mtu apande bila kurusha mguu juu. Gurudumu akalishikiza upande mmoja tu, kama la ndege, likipata pancha unalichomoa na kutia la akiba. Hakimiliki ya uvumbuzi huo iliombwa mwezi Aprili 1946. Bwana Piaggio alipokiona, kiuno chembamba, nyuma kumevimba, sauti ya kuvuma, akakifananisha na nyigu. Na kwa Kitaliano nyigu ni vespa.

Someni tena hiyo orodha ya mambo aliyoyachukia D'Ascanio, kisha mfikirie mtu wa Unguja. Kanzu. Buibui. Vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo gari halipiti. Nafasi ya kuweka kikapu au gunia la mchele miguuni. Yule Mtaliano hakuwa na habari na Shangani wala Malindi, lakini aliwatengenezea watu wa huko chombo chao. Mwanamume mwenye kanzu anapanda Vespa kama anavyokaa kwenye kiti cha barazani. Mwanamke mwenye buibui anakaa nyuma upande upande, na heshima yake haikuguswa. Ami alikuwa anasema kweli kuhusu kanzu yake, na alikuwa hajui kwamba anarudia hoja ya mhandisi wa ndege wa mwaka 1946.

Vespa ilikuwa na mpinzani wake wa kuzaliwa naye. Mwaka 1947 kampuni ya Innocenti ya Milan ilitoa Lambretta, na vijana wa Italia wakagawanyika. Ushindani huo ulisafiri hadi Uingereza. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi yetu, vijana wa Kiingereza walioitwa Mods walipambana na wenzao walioitwa Rockers kwenye fukwe za Clacton, Margate na Brighton. Mods walivaa suti na kupanda Vespa na Lambretta. Rockers walivaa majaketi ya ngozi na kupanda Triumph, BSA na Norton. Polisi waliingia, magazeti yakaandika kama dunia inakwisha. Lakini yalikuwa makundi mawili ya vijana wanaogombea nani anavaa vizuri, nani anasikiliza muziki gani. Chombo kilikuwa sehemu ya mavazi.

Na tazameni kilichowapata. Lambretta ikafungwa Italia mapema miaka ya 1970, mitambo yake ikauzwa India. BSA, iliyokuwa kubwa kuliko zote Uingereza, nayo ikaanguka miaka hiyo hiyo. Wale waliokuwa tayari kupigana ufukweni kwa ajili yake hawakuweza kuiokoa. Ushabiki hautengenezi spea.

Neno hilo, spea, ndilo ninalotaka mlishike.

Ami alinunua Vespa yake mwaka 1986, na tarehe hiyo haikuja kwa bahati. Kwa miaka mingi baada ya 1964 biashara ya kuingiza bidhaa hapa Zanzibar ilikuwa mikononi mwa serikali, na wazee wanaikumbuka miaka ya foleni na uhaba. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar milango ya biashara ilianza kufunguliwa. Wafanyabiashara wakaanza kwenda Dubai na kurudi na kila kitu: vitambaa, redio, vyombo vya moto. Mwaka 1985 akawa Rais wa Muungano na rukhsa ile ikavuka hadi Bara. Mwalimu wa skuli aliyekuwa na akiba yake ndogo akaweza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kuchagua.

Kwa nini akachagua Vespa? Nilimuuliza. Nilidhani ataniambia habari za uzuri, au za mjomba fulani aliyekuwa nayo tangu enzi za Mwingereza. Akanijibu: "Fundi wangu alikuwa anaijua." Basi.

Na fundi aliijua kwa sababu ya historia ambayo inapita India. Mwaka 1948 familia ya Bajaj ilianza kuagiza vyombo vya magurudumu mawili na matatu kutoka nje na kuviuza kwao. Miaka ya mwisho ya 1950 ikapata kibali cha serikali yake na leseni ya Piaggio kutengeneza Vespa ndani ya India. Mwaka 1971 leseni hiyo ilikoma, haikuendelea. Bajaj hawakufunga kiwanda. Mwaka 1972 wakatoa skuta yenye umbo lile lile, wakaiita Chetak, jina la farasi wa mfalme mmoja shujaa wa zamani. Wahindi walikuwa wakiandikisha majina na kuingoja kwa miaka. Katika miaka ya 1980 kampuni nyingine ya huko, LML ya Kanpur, ikaingia ubia na Piaggio ikatengeneza Vespa za kwake. Maana yake ni kwamba hata Italia ilipoacha modeli fulani, India iliendelea kumwaga pistoni, ringi, kabureta na waya za klachi zinazoingia kwenye mashine za ukoo huo. Nyigu wa Kitaliano akawa na hospitali Bahari ya Hindi, upande wetu.

Hii ndiyo sababu Vespa ilidumu Unguja wakati chapa nyingine zilikuja zikapita. Mashine yake ni nyepesi kuielewa: unachanganya oili kwenye petroli, gia unazungusha kwa mkono wa kushoto, plagi ikichafuka unaichomoa na kuisafisha kwa msasa. Fundi mwenye bisibisi, spana nne na mwanafunzi mmoja anaifungua chini ya mwembe. Watu waliipenda, ndiyo. Lakini waliipenda kwa sababu ilikuwa haiwaachi njiani, na ikiwaacha kulikuwa na mtu wa kuinyanyua.

Na Honda je? Huyu ndiye mpinzani mkubwa wa Vespa kwetu, na ushindani wao sikuuona kwenye gazeti lolote, niliuona nyumbani. Vespa ni chombo cha mzee, cha mwalimu, cha karani, cha imamu. Honda ni chombo cha kijana. Vespa inakwenda mjini. Honda inakwenda shamba, kwenye maweni yetu huku Kusini, ambako kabla ya lami kila safari ilikuwa ni kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Magurudumu madogo ya Vespa hayakupenda mawe. Honda XL ndefu, yenye magurudumu makubwa na tairi za meno, ilipita tu. Nikiwa mdogo nilikuwa najua kwa mlio nani amefika kabla sijamwona: ami akivuma, au kaka mmoja wa mtaa wa pili akiunguruma.

Soichiro Honda alianzisha kampuni yake mwaka 1948, kwenye nchi nyingine iliyoshindwa vita. Mwaka 1958 ikatoka Super Cub, kipikipiki kidogo, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100 za ukoo huo. Hakuna chombo chenye injini kilichowahi kutengenezwa kwa wingi kama hicho. Yamaha ilikuja mwaka 1955, na wawili hao waligombana kweli kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Yamaha ilijitangaza kuwa itaipita Honda na kuwa ya kwanza duniani. Honda ilijibu kwa kumwaga modeli mpya zaidi ya 100 katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na kushusha bei, hadi mwaka 1983 Yamaha ikasalimu amri hadharani. Maghala yake yalijaa pikipiki zisizonunuliwa. Hiyo ndiyo vita ya wenye chapa. Sisi wapandaji tunatupiana maneno. Wao wanatupiana viwanda.

Lakini tazama ilivyo hapa kwetu. Bara, Yamaha iliingia vijijini kwa mgongo wa miradi na misheni, zile AG100 zilizotengenezwa kwa ajili ya mashambani, zikipandwa na mabwana shamba na wauguzi. Kizimkazi, ukitaja Yamaha, hakuna anayefikiria pikipiki. Watatazama baharini. Yamaha kwetu ni mashine ya boti, ile inayowapeleka wageni kuwaona pomboo asubuhi na inayowarudisha wavuvi jioni. Mtu anaweza kuwa wa Honda barabarani na wa Yamaha majini, na asione tofauti yoyote, kwa sababu majini fundi wa Yamaha yupo na spea zipo.

Halafu kuna jambo la kuchekesha kidogo. Chapa inaposhinda sana inapoteza jina lake. Kwa Kiswahili cha vitabuni tuna pikipiki, jina lililotokana na mlio, na wazee wengine walisema tukutuku. Lakini kwetu visiwani utamsikia mtu anasema "honda yangu", ukitoka nje unakuta chombo cha Kichina. Skuta yoyote ni vespa, hata kama ni Chetak au LML. Na bajaji? Hilo ni jina la familia ya watu India! Leo ni neno letu, halina herufi kubwa, na dereva wa TVS King anakwambia "panda bajaji" bila kuona haya. Upinzani wote uleule, na neno ni la mshindani wake.

Nisiwachoshe, tufike kwa mdogo wangu.

Bodaboda ilianza kwa baiskeli, huko Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kuvusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli Uganda miaka ya 1990. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na mwaka 2010 Tanzania Bara ikatoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria. Kati ya hapo pikipiki za Kichina za bei nafuu zilishuka bandarini kama mvua: Sanlg, Fekon, T-Better, Toyo, Kinglion. Vijana ambao baba zao hawakuwahi kumiliki hata baiskeli ya Phoenix wakamiliki injini. Hilo si jambo dogo, na wanaozicheka pikipiki za Kichina wasilisahau.

Zikafuata za Kihindi, zenye bei juu kidogo, na madereva wakaanza kuhama. Boxer ya Bajaj ikatawala Kampala, ikatawala barabara nyingi za Kenya na Tanzania. TVS ya Hosur, India Kusini, ikaleta HLX mwaka 2013 kwa ajili ya masoko kama yetu. Ukikaa kijiwe chochote leo, kuanzia Mwanakwerekwe hadi Kisumu, utakuta hoja zile zile. Wa Boxer anasema yake inabeba mzigo na inauzika hata ikiwa kuukuu. Wa TVS anasema yake haili mafuta na kiti chake hakiumizi mgongo. Wa Boxer anamwita wa TVS mgeni. Wa TVS anamwita wa Boxer mzee. Mkristo na Mwislamu wanaelewana kijiweni kwa raha, hawa wawili hapana.

Nilipofika hapa kwenye utafiti wangu ndipo nilipocheka peke yangu, usiku, mbele ya kompyuta. Tazameni. Boxer ni ya Bajaj. Bajaj ni ile ile iliyojifunza kazi kwa leseni ya Vespa. Hata bajaji ya magurudumu matatu ni ya ukoo huo: Piaggio mwaka 1948 walitoa chombo cha magurudumu matatu wakakiita Ape, yaani nyuki, na Bajaj wakakichukua pamoja na nyigu. Mwaka 2009 Bajaj wakatangaza kuachana na skuta ili waende na pikipiki, na pikipiki yenyewe walifundishwa na Kawasaki ya Japani tangu miaka ya 1980. TVS nao walikuwa na mwalimu Mjapani, Suzuki, hadi walipoachana mwaka 2001. Kwa hiyo ami, aliyeiita Boxer kopo, amelitukana tumbo moja na Vespa yake. Na mdogo wangu, anayeicheka Vespa ya ami, anataka kununua mjukuu wake. Na binamu wa Makunduchi anashabikia mwanafunzi wa Mjapani dhidi ya mwanafunzi mwingine wa Mjapani.

Hakuna chapa safi. Kila moja ni mtoto wa leseni ya mwenzake. Wenye viwanda wanalijua hilo vizuri. Tunaochukiana ni sisi.

Basi Ijumaa nikarudi Kizimkazi kwa daladala, na somo langu tayari kichwani. Nikamchukua mdogo wangu, tukapanda bodaboda ya tajiri wake, hatukwenda dukani. Tulikwenda kwa mafundi. Kuanzia Dimbani, pale karibu na msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia, tukaenda Mkunguni, tukazunguka Makunduchi, tukafika Kitogani. Kila fundi tulimuuliza maswali matatu tu. Pikipiki gani unaifungua mara nyingi zaidi? Spea gani unazo hapa hapa, sasa hivi? Na ikiharibika saa tatu usiku ndani ya Ramadhani, nikikupigia simu utakuja?

Fundi mmoja mtu mzima, mikono myeusi kwa oili hadi viwikoni, hakujibu kwa mdomo. Aliingia kibandani akatoka na makopo mawili ya maziwa, akayamwaga juu ya gunia mbele yetu. Kwenye la kwanza kulikuwa na lundo: plagi, pedi za breki, bulbu, waya za klachi, ringi. Kwenye la pili kulikuwa na vitu vitatu. "Haya," akasema, "hii ni kopo ya pikipiki ile unayoitaka, na hii ni kopo ya ile nyingine. Chagua mwenyewe, kijana wangu."

Mdogo wangu alitazama lile gunia muda mrefu. Nikaona uso wake unabadilika. Kopo lililokuwa tupu lilikuwa la chapa yake.

Sitawaambia ni ipi. Kwanza kwa sababu mkienda kilomita 20 mbele huenda makopo yakawa kinyume, na jawabu la Kizimkazi si lazima liwe jawabu la Nungwi au la Tanga. Pili kwa sababu nitaanzisha vita vingine hapa, na mimi Mwaka Kogwa wangu nimeshamaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba Jumatatu tulikwenda mjini na fedha za mwani na fedha za Muscat, tukarudi na pikipiki mpya, ambayo siyo ile mdogo wangu aliyoiota. Njiani, pale msitu wa Jozani, alisimama kuwapisha kima punju wavuke barabara, akageuka kuniambia: "Kaka, inakwenda hii." Nikajua amesamehe.

Siku hizi Kigali, Nairobi na Kampala zinapita pikipiki za umeme, na bila shaka nazo zitafika Kizimkazi. Vijana watagawanyika upya, majina yatakuwa mapya. Swali litakuwa lile lile alilonijibu ami kabla sijamaliza kuuliza: fundi anaijua?

Tulipofika nyumbani ami alitoka nje. Akaizunguka ile pikipiki mara mbili, akaugusa mnyororo kwa kidole, akakitazama kidole chake, kimechafuka oili. Akatikisa kichwa. Kisha akamwambia mdogo wangu: "Nipeleke msikitini." Akakunja kanzu yake hadi magotini, akapanda nyuma.